Mwanaume Aliyekula Kimya

Mume wangu nilimchagua kwa kumsikiliza akila. Wanawake wengine wa rika langu hapa Butembo waliangalia duka la baba wa mwanaume, au sauti yake katika kwaya, au hawakuangalia kitu, walipelekwa tu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni katika salongo, sebule ya wazazi wangu, nimeligeuzia dirisha mgongo kwa sababu ya jua, nikamsikiliza mgeni akimaliza bonge la fufu, sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo wa ndakala wa kukaanga. Sikusikia kitu. Alitafuna mdomo umefungwa. Alipokunywa maji niliona kikombe kikiinuka na kurudi mezani, basi. Alipoondoka, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyemleta, akanifuata jikoni.

“Mulisemezana nini?”

“Hatukusemezana kitu.”

“Sasa?”

“Sasa huyu. Nimekubali.”

Shangazi alidhani nimechoka kukataa, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa maana kabla ya huyu alikuwa amenijazia salongo na watu wa ajabu. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye diplome na viatu vya kung'aa, na alikunywa chai kama ng'ombe anavyochomoa mguu matopeni. Wa pili aliuza vipuri vya pikipiki. Alitueleza habari za Dubai kwa urefu, na katikati ya kila sentensi alifyonza nyama iliyokwama kwenye jino, tsss, halafu akaendelea na Dubai. Wa tatu alikuwa anasomea uchungaji. Aliombea chakula mpaka kikapoa, kisha akafungua mdomo na kula bila kuufunga tena, tukaona sote kila kitu alichokuwa ameshukuru. Mama yangu alisema ni kijana wa heshima. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka alipoaga.

Ninajua namna hayo yanavyosikika. Watu wameniambia maisha yangu yote kwamba nina dharau, na sijawahi kubisha. Mtu akikukanyaga kila siku, mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara akakuambia kwamba hakuna mguu, utamdharau wewe pia.

Jambo lenyewe lilinishika nikiwa bado shule ya msingi. Baba yangu alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule ya mapadri, na huko alijifunza kwamba familia iliyostaarabika hula pamoja mezani. Kila Jumapili baada ya misa redio ilizimwa, tukakaa wote kuizunguka meza, na baba akala maharagwe. Sijui Jumapili ipi ilikuwa ya kwanza. Najua tu kwamba kabla ya siku hiyo baba alikuwa anakula, na kuanzia siku hiyo nilikuwa namsikia anakula. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, taya likakaza, na mikono ikataka kuvunja kitu. Sisemi kukerwa. Kukerwa nakujua, nzi hunikera. Hii ilikuwa ghadhabu ya mtu aliyetukaniwa mama yake, na aliyenitukana alikuwa baba yangu mwenyewe, mtu mpole, anayekula maharagwe siku ya Bwana.

Niliinuka na sahani yangu nikaenda jikoni kwa mukaka, yaani nyanya yangu mzaa baba. Yeye alikuwa amekataa meza tangu zamani. Alikula karibu na moto, ametugeuzia mgongo, kwa sababu enzi zake wanawake walikula na wanawake, na wanaume walikula kwao, kwenye kyaghanda, pale penye moto wao. Kuni zilikuwa zinalia kiasi cha kunifichia kinywa chake. Alisogea kidogo, nikakaa. Baba alinirudisha kwa kiboko, na Jumapili iliyofuata nikaketi mezani nikijichoma mguu kwa kucha chini ya kitambaa ili nipate kitu kingine cha kusikia.

Kuumizwa na mwanga kulikuja nyuma ya hayo, kidogo kidogo. Butembo ni vilima, na watu wake wakipata pesa, cha kwanza wanachofanya ni kuezeka mabati mapya. Mtu anajenga upande wa pili wa bonde, hata jina lake hulijui, na saa sita mchana paa lake linakupiga wewe usoni. Kuta za darasa letu zilipakwa chokaa nyeupe. Wachomeleaji wa vyuma walifanya kazi kando ya njia ya shule, na mimi nilipita pale nimefunika macho kama mtu anayepita uchi wa mwenzake. Nikirudi nyumbani kichwa kilikuwa kinapasuka, nikajifungia chumbani chini ya blanketi, na wenzangu wakaniita Madame. Mama alinipeleka kwa daktari. Daktari akanimulika tochi ndani ya macho, nikalia, akaandika kwamba macho ni mazuri. Akanipima masikio, akaandika kwamba masikio ni mazuri sana. Muda wote huo alikuwa anabonyeza kalamu yake ya bic, kla, kla, kla.

“Mutoto iko muzima,” alimwambia mama. “Anajidekeza tu.”

Ninaikumbuka sura yake vizuri. Ndivyo nilivyojua, mapema kabisa, kwamba mtu anaweza kusoma mpaka Kinshasa na bado asijue ni nini kinachotoka mkononi mwake.

Basi nikaolewa na mwanaume aliyekula kimya, akanipeleka Beni. Yeye hununua kakao kwa wakulima wa upande wa Mabalako, na Beni ndipo palipo na maghala na malori. Kabla ya harusi nilimweleza yote, masikio na macho. Alicheka, akasema kwamba mimi ndiye mwanamke wa kwanza kumsifu kwa kufunga mdomo. Tulipatana sana. Miaka ile ya mwanzo nilikula mezani na mtu mzima mwenzangu, uso kwa uso, kila siku, na sikujichoma mguu hata mara moja. Wanawake wengine wanaposimulia mapenzi yao hutaja zawadi. Mimi sina zaidi ya hiki.

Beni yenyewe sikuipenda. Butembo tuna ukungu wa asubuhi na baridi inayomfunga mtu mdomo. Beni iko chini, joto lake halina aibu, na jua lake linaingia mpaka chini ya kitanda. Mimi ni fundi wa kushona nguo. Nilichukua chumba cha nyuma, nikatundika pazia la bluu, nikaweka mashine yangu ya kukanyaga. Mlio wa mashine haunisumbui hata kidogo, na watu hawaelewi hilo. Wanadhani ni kelele. Kelele nazivumilia kuliko wao: jenereta, malori ya jeshi, ngoma za kwaya, mvua juu ya mabati. Kinachoniua ni kile kidogo chenye mate. Wateja waliingia wakasema chumba ni kama kaburi. Nikawauliza kama nguo imewatosha. Ilikuwa imewatosha. Nje sikutoka bila kofia pana na miwani nyeusi, hata kanisani, na mtaa mzima ukaamua kwamba nina jicho bovu, au bwana wa siri, au kiburi. Baada ya muda wakakubaliana kwamba ni kiburi.

Siku moja nilipanda pikipiki kwenda Butembo kumwona mama. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alinisimamisha akanisemesha Lingala.

“Longola lunettes.”

Niliitoa miwani. Ilikuwa karibu saa sita, barabara nyeupe kwa vumbi. Machozi yalishuka yenyewe mpaka kidevuni. Askari akabadilika sura, akaingia Kiswahili.

“Mama, nani amekufa?”

“Hakuna mutu amekufa.”

“Sasa unalia nini?”

“Jua.”

Alimwita mwenzake aje amwone mama anayelizwa na jua. Mwenzake alikuja na bunduki begani na hindi la kuchoma mkononi, akachukua kitambulisho changu, akakisoma polepole huku akitafuna karibu na sikio langu, punje moja moja, ulimi ukizitafuta kwenye fizi. Watu wengine kwenye mstari waliogopa bunduki. Mimi niliomba afyatue, bora tu aache lile hindi. Walinirudishia kitambulisho, wakanitakia safari njema. Walikuwa vijana wa adabu, ukiondoa vinywa vyao.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenisema kuliko wote kuhusu bunduki. Kule Beni aliishi nasi mtaa mmoja, ni mtu wa maombi, na ana pua ambayo haijawahi kupengwa tangu azaliwe. Huivuta tu. Huivuta akisalimia, huivuta akiomba, na ikishapanda juu huisubiri ishuke ili aivute tena.

“Batu banakufa huku ku vijiji,” aliniambia, “na weye unasikia meno ya batu. Hapana kuona haya?”

Jibu lilikuwepo. Asubuhi moja milio ya risasi ilisikika upande wa nje wa mji, na sisi, yeye akiwemo, tulilala sakafuni kwenye nyumba yetu, watoto katikati. Niliogopa kama kila mtu. Lakini woga ni kitu kimoja na hiki ni kingine, na kimoja hakimfukuzi mwenzake. Shavu langu lilikuwa kwenye simenti, nikasikia risasi, na kati ya risasi na risasi nikasikia pua ya wifi. Milio ya risasi nimeichanganya na ile ya siku nyingine. Pua naikumbuka mvuto kwa mvuto.

Halafu mume wangu akaanguka. Alikuwa anarudi kutoka Kalunguta juu ya taxi-moto, pikipiki ya abiria, mbuzi akakatiza, dereva akamkwepa mbuzi na kumwaga abiria. Mbuzi hakupata kitu. Mume wangu alitua kwa mdomo, akapoteza meno yote ya mbele ya juu. Nilimuuguza kwa uji wa mahindi na mchuzi wa samaki uliochujwa, akawa anakunywa kidogo kidogo, kimya kama siku zote, na mimi nikakaa naye. Midomo iliyovimba haikunitisha. Ilipopona alikwenda Butembo kwa mtu wa meno, akarudi na dentier, meno ya bandia. Alifika nyumbani akicheka mlangoni ili tumwone. Watoto walipiga makofi. Alikuwa amekuwa kijana tena.

Jioni ile nilipika vizuri: ndizi, nyama ya mbuzi, maharagwe. Aliketi mbele yangu, akatia tonge la kwanza mdomoni.

Kla.

Yalikuwa yale meno. Yalilegea kidogo juu ya fizi, yakashuka yakagonga ya chini. Kisha aliyavuta kurudi juu kwa ulimi, na kuvuta huko kulikuwa na mate. Kla, halafu ule mnyonyo. Kila tonge. Nilimwangalia usoni ili nikumbuke kwamba ni yeye. Joto likaanza kifuani kama siku zile za baba, likapanda, taya likakaza. Nilisimama nikasema kuna kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na moto jikoni.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa na visingizio vya kila aina. Mteja anasubiri. Mtoto amelia. Kichwa kinaniuma. Nilijifunza kumwandalia chakula na kutoweka kabla hajanawa mikono. Yeye si mjinga. Siku moja aliweka tonge chini, akanishika mkono nikiwa napita.

“Mama batoto, unanikimbia?”

Nilimwambia ukweli. Sijui kusema uongo kwa muda mrefu, inachosha.

“Donc sasa ni miye,” alisema.

“Hapana weye. Ni meno.”

“Meno iko mu kinywa yangu.”

Hakucheka mara hii. Aliinuka akaenda kwa mama yake, na kwa mama yake alimkuta wifi, na kuanzia hapo masikio yangu yakawa mali ya ukoo.

Wifi alianza kwa kunipeleka kwenye maombi. Nilikubali kwa ajili ya amani ya nyumba. Chumba kilikuwa chini ya mabati, saa nane mchana, na hata hivyo walikuwa wamewasha taa mbili za neon, moja yake ikipepesa. Mwombezi alikuwa mwanaume mnene mwenye suti, na alikuwa na kipaza sauti kwa ajili ya watu ambao tungeweza wote kuingia katika kitanda kimoja. Alisema roho ya kiburi imenikalia sikioni. Akaniamuru nitoe miwani ili ile roho ionane na nuru. Nilitoa, machozi yakashuka, na wote wakashangilia kwamba inatoka. Kisha akaniwekea mikono juu ya masikio, akainama karibu, na hapo nikatambua kwamba ana bonbon, pipi, mdomoni. Alikuwa anaikemea roho huku bonbon ikizunguka, ikigonga jino huku, ikigonga jino kule.

Niliomba kweli siku ile. Niliomba bonbon iyeyuke.

Tulipotoka wifi aliniuliza ninasikiaje. Nikamwambia nasikia vizuri sana, na hilo ndilo tatizo. Akavuta pua.

Baada ya hapo wakaita kikao cha familia. Kilifanyika kwa mama mkwe, Jumapili mchana, salongo ikiwa imefunguliwa milango na madirisha yote ili jua liingie kwa heshima ya wageni. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kanisa, mtu anayependa kusikia anavyoanza sentensi. Wajomba walikuwepo, wifi alikuwepo, mume wangu alikaa pembeni anaangalia viatu. Na mezani, katikati, kwa sababu huwezi kuita watu mahali bila kuwapa kitu, waliweka sinia kubwa la karanga za kuchoma.

Ninataka mtu aliwaze hili vizuri. Walikuwa wamekusanyika kunihukumu kwamba siwezi kuvumilia sauti ya watu wakitafuna, na walinihukumu wakitafuna. Baba mdogo alizungumza juu ya mke mwema na kiti chake mezani. Alichota, akamenya, akapuliza maganda, akatia mdomoni, akazungumza. Mjomba mmoja alikubali kwa kichwa na taya kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeona. Niliwatazama mmoja mmoja nyuma ya miwani yangu, watu wazima wenye nyumba na mashamba, na nikafikiri kwamba hawa hata wakiliona jambo limeketi mapajani mwao wataliuliza linatoka kwa nani.

“Sasa mukwe,” alisema baba mdogo, “tunaambiwa weye hupendi namna batu banakula. Tunataka tusikie sauti yako.”

“Muache karanga kwanza, baba, njo nitasema.”

Mikono ilisimama. Mjomba mmoja alikuwa na karanga mdomoni na hakujua azifanye nini, akaziacha kwenye shavu.

“Munaona?” wifi alisema. “Njo kiburi yenyewe.”

Nikawaambia. Nilisema kwamba sichagui, kwamba inanishika kama kifafa kinavyomshika mtu, isipokuwa mimi sianguki, nabaki nimekaa na adabu na hakuna anayeona. Nilisema kwamba mume wangu ninampenda na meno yake siyawezi. Nilisema sitaki kuachwa na sitaki kuombewa, nataka kula peke yangu. Walinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mlevi, wakisubiri aishiwe nguvu.

Baba mdogo akaanza sentensi nyingine kuhusu meza ya Wakristo. Hapo mama mkwe, aliyekuwa kimya karibu na mlango, akamkata.

“Meza ya nani?” alisema. “Mbele, siye banamuke hatukukula na banaume. Mama yangu hakumwona baba yangu akikula hata siku moja. Nani alituletea ile meza?”

“Mama, ile ilikuwa zamani.”

“Zamani batu hawakusikilizana mu meno. Akule ku jikoni kama anataka. Miye vilevile sipendi kumwangalia mutu akikula.” Halafu akanigeukia, asije akaonekana ananipenda. “Lakini kiburi iko nayo. Ile haitaisha.”

“Ndiyo, mama,” nilisema.

Kikao kiliishia hapo, kwa maana hakuna aliyetaka kumkatalia. Baba mdogo aliomba sala ya kufunga, na kabla ya Amina kumaliza kusemwa mjomba alikwishaanza kutafuna zile za shavuni.

Kesho yake mume wangu alirudi kutoka ghalani, akanawa, akanikuta naweka sahani yake mezani na kushika yangu nikienda jikoni kama tulivyopewa ruhusa. Akasema nikae. Alitia vidole mdomoni, akachomoa dentier, akaiweka ndani ya kikombe cha bati, akafunika na kisahani. Midomo yake ikazama ndani. Alifanana na marehemu baba yake katika picha iliyo ukutani. Akakata tonge dogo la fufu, akalichovya kwenye sombe, akalila kwa fizi, polepole, na sikusikia kitu.

“Sasa?” aliuliza. Bila meno neno lilitoka laini.

“Sasa sawa.”

Ningeweza kumwambia ayarudishe, kwamba nitavumilia. Mke wa vitabuni angesema hivyo. Mimi niliketi nikala, na niliona aibu kidogo, na nilikuwa na njaa, na nilimtazama mwanaume huyu asiye na meno na nikaona kwamba shangazi hajawahi kuleta mtu mwingine kama huyu katika salongo yetu. Nyama tangu siku hiyo naipika mpaka inaachana na mfupa yenyewe. Ukoo wake ulisema nimemzeesha ndugu yao kabla ya wakati. Wifi alikuja kumwonea huruma wakati wa chakula, akamwona anakula vile, akavuta pua, akaondoka bila kumaliza. Hawakuja tena kula kwetu, na sijui kama walikusudia iwe adhabu.

Sasa tunaishi Butembo. Tulihama kwa sababu ya masomo ya watoto na kwa sababu Beni ilikuwa imetuchosha kwa njia nyingi ambazo si za masikio. Mume huenda na kurudi kwa kazi yake ya kakao. Nimepata chumba cha kushonea kinachotazama miti ya mikalitusi na si mabati ya mtu. Mteja mmoja, msichana anayesomea udaktari, alikuja kujaribu gauni lake la harusi, akauliza kwa nini taa ni hafifu. Nikamweleza kwa kifupi, kwa maana nilikuwa na pini mdomoni.

“Mama, ile iko na jina,” alisema. “Ya sauti banaita misophonie. Ya macho, photophobie. Haiko kiburi. Batu bengi bako nayo.”

“Misophonie maana yake nini?”

“Kuchukia sauti. Ni Kigiriki.”

Basi watu wamesoma miaka yote hiyo ili waje waniambie kwa Kigiriki kile nilichomwambia mama yangu kwa Kinande cha kwetu nikiwa mtoto. Nilimuuliza dawa. Akasema dawa hasa hakuna, kuna namna za kusaidia, na siku aliyokuja kuchukua gauni aliniletea vizibo laini vya masikio. Navitumia kanisani wakati wa matangazo. Ni kitu pekee nilichowahi kupata kwa waganga, na nilikipata kwa mtu ambaye bado hajamaliza kusoma.

Binti yetu mdogo huwa anafanyia kazi zake za shule katika chumba changu. Juzi juzi nilikuwa napindia sketi, yeye ameinamia kitabu. Ninapomaliza mshono huwa ninakata uzi kwa meno, navuta kidogo, nauma, natema kile kipande. Nimefanya hivyo tangu nijifunze kazi. Niliuma uzi, nikainua macho, nikamwona ananitazama. Taya lake lilikuwa limekaza. Mkono mmoja ulikuwa chini ya meza, na kwa jinsi bega lilivyokaa nilijua kucha ziko wapi.

“Nini?” nilimuuliza.

“Hakuna kitu, mama.”

“Sema.”

“Ile sauti.” Aliangalia chini. “Unafanyaka vile kila siku. Ninasikia kama nitapasuka.”

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa hasira. Mtoto huyu, ninayemlisha na kumvika, anaisikiliza midomo yangu kana kwamba mimi ni mjomba mwenye karanga. Nilitaka kumwambia anajivuna. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi.

Nikalimeza. Kisha nikamwambia anipatie mkasi mdogo ulio dirishani, nikakata nao uzi uliofuata, na ule uliofuata huo. Mkasi unachelewesha kazi, na sijauzoea. Jioni mume wangu alipofika niliona binti anabeba sahani yake mwenyewe kwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, na nilipomuuliza baba yake kama amemtuma akasema hapana.

“Muache akule kule,” nilisema.

Akaweka meno yake kwenye kikombe, tukala.